Barabara ya Mombo–Soni–Lushoto: tulioipita na tuliokulia kandokando yake, tupeane uzoefu

Mtoto wa Soni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba uzi huu uwe wa barabara moja tu, ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto mjini. Ni kilomita 32 hivi. Kwa anayetoka Dar kwenda Moshi na Arusha, Mombo ni mahali pa kula na kunyoosha miguu, na ile njia inayokata kulia kuelekea milimani wala haiangalii. Sisi tuliozaliwa juu tunajua kwamba chakula, mgonjwa, mwanafunzi na maiti wote hupita hapohapo.

Kwa wasioifahamu: Mombo iko tambarare, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, joto na mkonge. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, watu wanavaa makoti. Katikati lami nyembamba inapanda, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde la mto. Nusu ya safari unafika Soni, maporomoko ya maji yakiwa jirani kabisa na barabara, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Bumbuli. Ukishapita Lushoto mjini unaweza kuendelea Magamba, Mlalo, hadi Mtae. Kwa daraja la serikali hii ni barabara ya mkoa. Kwetu ni mlango wa nyumba.

Aliyeendesha, aliyebeba mzigo, aliyefanya kazi ya matengenezo, mwenye kumbukumbu za wazee, karibuni.

Dereva wa mboga

Mkuu umenigusa. Hii njia nimeipita usiku na mchana na Fuso, nikishusha kabichi, karoti na viazi kwenda Dar.

Vijana wanaoanza niwaambie jambo moja: kupanda hakuui, kushuka ndiko kunakoua. Ukiwa na mzigo, kutoka Soni weka gia nzito mapema, iache injini ishike gari, na breki uguse na kuachia. Anayekanyaga breki mfululizo ili awahi soko, akifika kona za chini breki zimeshachemka, na pale hakuna pa kukimbilia. Kwenye kona zisizoonyesha mbele, honi ni lazima, hata saa nane za usiku. Mkikutana mahali pembamba, anayeshuka amsubiri anayepanda, maana gari lenye mzigo likisimama mlimani kuliondoa tena ni kazi. Sheria hiyo hatukufundishwa darasani, tuliirithi kwa madereva waliotutangulia tulipokuwa matingo.

Mama Peasi

Wanangu, mimi ni mfanyabiashara wa matunda, peasi na plamsi. Niwaambie barabara hii ikifungwa inakuwaje.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa udongo ulishuka usiku ukaziba njia kabisa. Sisi tulikuwa tumeshanunua shambani, matenga yamefungwa, gari limelipwa nusu. Plamsi haingojei mtu. Tulikaa tunaangalia vijana wanachimba kwa majembe mpaka greda lilipofika. Kilichopona tuliuza Soni hapohapo kwa bei ya kutupa, na mkulima naye alikuja kudai pesa yake, naye ana haki. Kuna mama mwenzangu aliacha biashara msimu ule na hajarudi mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akisema barabara ni ya magari, namwambia hapana. Bei ya karoti anayolipwa mkulima wa Malindi yetu ya Lushoto inaamuliwa kwenye zile kona.

Mzee wa Vuga

Onga mshi, wanangu. Mimi ni mstaafu, nitasema ya zamani kidogo, kwa sababu watu hudhani mlima ulikuwa umejifungia hadi lami ilipofika.

Usambaa ulikuwa na njia zake kabla ya Mzungu, na zilielekea Vuga, kwa Wakilindi, ukoo uliotawala Wasambaa. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Vuga mwaka 1848, akarudi 1852, akamkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi pana. Alipita njia za miguu zilizokuwepo.

Wajerumani ndio waliogeuza mwelekeo. Walifanya Lushoto makao ya wilaya, wakaiita Wilhelmstal. Kisha reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ikafika Mombo 1905. Tangu hapo stesheni ya Mombo ndiyo iliyovuta kila kitu, na ndiyo sababu barabara yenu inaanzia pale na si kwingine. Wakati huohuo mierezi ya Shume ilikuwa inashushwa kwa kamba ya angani hadi Mkumbara kwenye reli, kwa jinsi ukingo ule ulivyo mkali.

Na msisahau mikono. Kuanzia 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilikuwa na mfumo wa kadi: mwanamume alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza aliweza kupelekwa kwa nguvu kwenye kazi za umma. Mnapopita njia za enzi zile, wakumbukeni watu hao. Majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote.

Mtoto wa Soni

Shikamoo mzee wangu. Habari ya kadi nilikuwa siijui, na nimelelewa pale. Ahsante sana.

Mwanachuo

Mimi nilipanda mara ya kwanza nikienda kusoma Lushoto. Nilitapika kabla ya Soni, mama mmoja wa pembeni akanipa limau ninuse. Kufika juu nikasikia baridi mwezi wa kumi na mbili. Ni hayo tu wakuu.

Fundi mitaro

Nimefanya kazi za matengenezo ya barabara za milimani, naomba niseme kitu ambacho abiria haoni.

Adui wa barabara hii ni maji. Upande wa mlima kuna mtaro wa kupokea maji, na kila baada ya umbali fulani kuna kalvati ya kuyapitisha chini ya lami kwenda bondeni. Kifusi kidogo kikianguka mtaroni kikaachwa, au kalvati ikizibwa na migomba na mifuko, maji yanapanda juu ya lami, yanavuka, yanalowesha udongo wa ukingo wa chini. Mwanzoni unaona ufa mwembamba tu. Mvua inayofuata, ukingo unaondoka na kipande cha lami. Watu wanasema mvua imekata barabara. Mvua ilikuta mtaro umeziba!

Pili ni mashamba ya juu. Anayelima kwa kufuata mteremko anatuletea udongo wake barabarani. Waingereza walilazimisha matuta miaka ya 1950, watu wakakataa, na walikuwa na sababu, kwani ilikuwa amri na kazi nzito isiyolipa. Lakini SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulioanza mwaka 1981, ulihimiza makingamaji, miti na majani ya guatemala ambayo ng'ombe anakula, na mpaka leo utayaona kwenye kingo nyingi. Shamba lenye guatemala juu ya barabara linailinda lami kuliko ukuta wa mawe.

Dereva wa mboga

Fundi, nakubali ya maji. Lakini si ipanuliwe tu? Fuso mbili zikikutana pale chini ya Soni ni vita.

Fundi mitaro

Kaka, kisheria hifadhi ya barabara ya mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini pale mita hizo upande mmoja ni jabali na upande mwingine ni hewa. Ukichonga mwamba kwa pupa unalegeza mlima wote wa juu, na kifusi kitakaa miaka kinashuka. Ningeanza na sehemu za kupishana palipo na nafasi, kuta za kushikilia ukingo wa chini, na vikundi vya vijijini vilipwe kuzibua mitaro kabla ya masika na kabla ya vuli. Halafu ile njia ya Dochi–Ngulwi kushuka Mombo iimarishwe ibebe magari ya mzigo, ili siku ya kufungwa huku, Mama Peasi apite kule.

Mama Peasi

Hapo kwenye Ngulwi, mwanangu, andika kwa herufi kubwa. Na hizo pesa za kuzibua mitaro wapewe akina mama wa hapohapo kandokando, wao ndio wanaoona maji yakianza kupanda.

Mtoto wa Soni

Nimeyapokea yote. Watu wa Bumbuli, Mlalo na Mtae bado hamjasema. Huko kwenu lami inapoishia, mvua ikinyesha mnashukaje?