MREJESHO: Maharusi, machweo na flashi

Ndugu zangu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini maharusi wangu wanatoka weusi kama vivuli nikiwapiga mbele ya anga la machweo, na nikiwasha flashi nyuso zinaungua kwa weupe huku anga likipotea.

Safari hii nilianza na anga peke yake, flashi ikiwa imezimwa: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/4, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/200, mpaka rangi ya chungwa ikakolea. Ndipo nikawasha flashi na kuipandisha nguvu kidogo kidogo hadi nyuso zikakaa sawa. Awali nilikuwa naiachia kamera ichague kila kitu, na kosa lilikuwa hapo.

Kilichonisaidia zaidi ni kuitoa flashi juu ya kamera. Niliiweka kwenye stendi, pembeni, kama nyuzi 45, na mwavuli mweupe mbele yake, kisha nikaibandika plastiki ya rangi ya chungwa. Bila plastiki hiyo ngozi inatoka na ubluu usioendana kabisa na jua. Hili naomba msilipuuze.

Giza lilipozidi nilishusha kasi ya shata tu, ili ikae wazi muda mrefu zaidi: 1/100, kisha 1/60. Anga likabaki na mwanga wake, nyuso hazikubadilika, maana mwako wa flashi ni mfupi mno, shata haiupunguzi.

Upepo ulinisumbua, uliangusha stendi mara mbili. Nitafunga mfuko wa mchanga. Bibi harusi alipotazama picha kwenye kioo cha kamera alinyamaza, akamshika mumewe mkono. Asanteni sana.