Mjadala: Mama mweusi Marekani anaponzwa na umaskini au na kutosikilizwa?

Mama Zuhura, Ohio:
Wakuu, naweka hoja mezani. Mwaka 2023 Marekani ilipoteza akina mama weusi 50.3 kwa sababu za ujauzito na uzazi, kwa kila vizazi hai 100,000. Weupe ni 14.5. Kwa vifo vya watoto wasiotimiza mwaka, takwimu za 2022 ni karibu 11 kwa kila 1,000 upande wa weusi, na 4.5 upande wa weupe.

Nikilisema hili, Waswahili wenzangu wa huku hunijibu, "Hao ni maskini, kliniki hawaendi." Hoja hiyo haisimami. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walichambua vifo vya uzazi vya 2007 hadi 2016 wakakuta mweusi mwenye digrii yuko hatarini kuliko mweupe ambaye hata sekondari hakumaliza. Na pesa je? Serena Williams, bingwa wa tenisi, alijifungua kwa upasuaji mwaka 2017, kesho yake pumzi zikaanza kumbana. Anaijua historia yake ya damu kuganda, akaomba mwenyewe kipimo cha CT cha kupiga picha za ndani ya mwili na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemvuruga. Daktari naye akaanza na ultrasound ya miguu! CT ilipofanyika, mabonge ya damu yalikuwa kwenye mapafu.

Kaka Mrima:
Dada, kisa cha mtu mmoja si ushahidi. Utafiti wa jimbo la Illinois wa 1997 ulionyesha watoto wa akina mama waliozaliwa Afrika wana uzito unaokaribia zaidi ule wa watoto wa weupe kuliko ule wa watoto wa Wamarekani weusi. Daktari mbaguzi atajuaje nani kazaliwa Bagamoyo na nani Chicago? Halafu ule utafiti wa Florida wa 2020, kwamba kichanga mweusi hupona zaidi akiwa na daktari mweusi: mwaka 2024 hesabu zilirudiwa kwa kuzingatia waliozaliwa chini ya gramu 1,500, tofauti ikayeyuka. Tusishabikie kila kinachotufurahisha.

Mama Zuhura:
La Florida nakuachia. La Illinois linakugeukia mwenyewe, kaka yangu. Kama kasoro ingekuwa ya asili, sisi tuliotoka Afrika ndio tungeongoza kwa njiti. Tena watafiti walipofuatilia mabinti wa wahamiaji weusi waliozaliwa huku Marekani, watoto wao walikuwa wepesi kuliko mama zao walivyozaliwa. Kwa hiyo kuna kitu kinampata mtu akikulia huku: mtaa aliopangiwa, presha inayoanza mapema, hospitali ya jirani. Daktari ni kipande kimoja tu.

Na kipande hicho kiliandikwa hadi kwenye kompyuta. Kile kikokotoo cha kukisia kama aliyewahi kupasuliwa ataweza kusukuma mwenyewe kilikuwa kinauliza rangi. Ukijibu mweusi, asilimia za kufanikiwa zinashuka. Swali hilo limeondolewa 2021, juzi tu.

Nesi wa Leba:
Mnabishana vizuri, ila mimi naangalia damu inayomtoka mama akijifungua. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoua, na hapo ndipo dharau inapojificha: huyu analalamika tu, yule mpe drip. Hospitali za California ziliamua vitambaa vilivyolowa vipimwe kwenye mizani, na kila mama afuatiwe hatua zilezile. Madhara makubwa ya kutokwa damu yakapungua kwa wote, na pengo kati ya weusi na weupe likasinyaa. Hata kwetu, majaribio ya E-MOTIVE yaliyofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini yalitumia mfuko wa plastiki wenye alama, unaotandikwa chini ya mama, na matibabu yote kutolewa kwa mkupuo. Matokeo ya 2023: kutokwa damu kupita kiasi kulipungua kwa asilimia 60. Huwezi kumfukuza kila mbaguzi wodini, lakini mizani haina mjomba.

Kaka Mrima:
Nesi, kwa akina mama nimekuelewa, hapo siwezi kubisha. Sasa niambieni la vichanga. Kwa hao weusi, sababu inayoongoza kwa vifo ni kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na hayo huanza miezi mingi kabla mama hajafika leba. Hapo mizani yako itapima nini?