Bolingi inaniacha nikichechemea, nifanye zoezi gani?

Jamaa wa 58: Wadau niaje. Niko mtaa wa Section 58, Nakuru, kila mwisho wa mwezi watu wa kazini tunapanda matatu hadi Nairobi kucheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini kumi, gemu tatu hivi. Ya kwanza niko sawa, naangusha pini saba, nane, ya pili mkono unaanza kuwa mzito, ya tatu ni mpira kuingia mtaroni kando ya njia yake tu na wenzangu wananicheka. Kesho yake sasa ndio kesi, paja la kushoto limekaza hadi kuchuchumaa ni shida na mkono nao kusonga ugali hauwezi. Na natupa na mkono wa kulia, sasa paja la kushoto linauma kwa nini? Nimeanza pushapu 40 kila asubuhi, sioni tofauti. Mpira naoazima huko ni wa pauni 14.

Kijana Dunga: Pushapu wacha kwanza boss. Kwa bolingi mkono hausukumi, unaning'inia kutoka begani kama ndoo kwa kamba ya kisima. Kazi iko miguuni. Ukitupa na kulia, hatua ya mwisho unateleza na mguu wa kushoto goti limekunjwa, na huo mguu peke yake ndio unakushikia breki usivuke laini ya kutupia. Piga hesabu, gemu moja sisi wa kawaida tunatupa kama mara 18, mwisho kabisa ni 21, gemu tatu umepita 50. Pauni 14 ni kilo sita na kitu, kwa hivyo jioni moja umebeba zaidi ya kilo 300 ukichuchumaa na mguu mmoja, na mwezi mzima ulikuwa umekaa ofisini. Lazima paja lilie.

Mimi napiga hatua ndefu mbele, goti la nyuma linakaribia kugusa chini, nahesabu tatu, narudi. Kumi kila mguu, kushoto naongeza raundi moja. Na nikipiga mswaki nasimama na mguu wa kushoto pekee.

Mama Kakamega: Ya miguu ni ukweli, ya mkono ameiruka. Wewe wa 58, angalia vile unashika mpira. Mipira ya kuazima matundu yake ya vidole ni ya kila mtu, la gumba likiwa kubwa kwako unaufinya usikuponyoke, na kufinya ndio kunamaliza mkono hapa chini ya kiwiko. Tafuta wenye gumba linaingia na kutoka bila kuvutwa, hata kama ni pauni 12. Mimi niling'ang'ana na wa 14 juu ya kiburi, nikashinda wiki nimefunga kitambaa mkononi. Zoezi liko nyumbani: mtungi wa lita 20, anza nusu, ubebe na mkono mmoja toka bombani hadi mlangoni bila kuinama upande, halafu badilisha. Na siku ya kufua kamua blanketi mwenyewe.

Jamaa wa 58: Asante mama. Na nikipanda mlima Menengai hapa Nakuru kila Jumamosi?

Kijana Dunga: Poa sana, na usishuke na boda. Kuteremka ndio paja linajifunza breki. Ila si wikendi ya bolingi, utafika huko miguu imeisha.

Jamaa wa 58: Nimejaribu ya mswaki saa hii, nimehesabu hadi nne nikashika sinki. Mpira nitashuka hadi 12, nilitaka kuwadanganya wasee ni ule ule lakini namba imeandikwa juu yake.