Mjadala: Kuhamishia kazi zote za kompyuta ndani ya Emacs, ni akili au ni ugonjwa?

Mleta mada
Wakuu, tujadili kwa hoja. Kwa asiyeijua, Emacs ni programu huria ya kuhariri maandishi. Mizizi yake ni maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT mwaka 1976, kisha mwanaprogramu Richard Stallman akatoa toleo la GNU Emacs 1985. Ni kongwe kuliko wengi wetu humu. Sehemu kubwa yake imeandikwa kwa lugha ya Emacs Lisp, na wewe pia unakabidhiwa lugha hiyo: kitufe kisichokupendeza unakibadilisha papo hapo, bila hata kuifunga programu. Ndiyo maana kuna watu wanasomea barua pepe humo, wanapanga ratiba humo, na wakichoka wanacheza Tetris humohumo.

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea. Msimamo wangu: kazi yoyote ambayo ni maandishi, naihamishia huko. Juzi mteja kanitumia faili 180 zenye majina ya ovyo. Zamani ningebofya moja moja mpaka magharibi. Emacs inakuonyesha folda kama ukurasa wa maandishi, wao wanaita Dired. Nikabonyeza Ctrl-x Ctrl-q, majina yakawa yanaharirika kama aya ya kawaida. Nikatafuta na kubadilisha, nikafunga kazi kwa Ctrl-c Ctrl-c. Chai ilikuwa bado ya moto.

Halafu kuna Org, daftari la kazi na ratiba la humohumo ndani ya Emacs, iliyoanzishwa 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota. Hiyo ndiyo inanihesabia saa za kila kazi. Mwisho wa mwezi inanipa jedwali, mimi naandika ankara.

Anayepinga aje.

Mhasibu mchovu
Napinga. Umetuhesabia dakika ulizookoa, hukutuhesabia wiki ulizokesha ukijifunza. Hiyo si hesabu, hicho ni kitabu chenye upande mmoja tu.

Pili, wewe unafanya kazi peke yako. Mimi bosi ananitumia hati ya Word ina masahihisho na maoni pembeni, na Excel ya kurasa kumi na mbili. Hapo Lisp itanisaidia nini? Na kivinjari cha humo ndani hakiendeshi JavaScript, lugha inayoendesha kurasa nyingi za wavuti, kwa hiyo benki huingii.

Wa Vim
Ctrl, Ctrl, Ctrl. Kidole kidogo kinachobonyeza kitufe hicho kimewakosea nini?

Nje ya mada kidogo: marehemu Bram Moolenaar, aliyetengeneza Vim, programu ya kuhariri maandishi inayoshindana na Emacs, alikuwa anawaomba watumiaji wachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Haya, endeleeni.

Kobe
Mleta mada, nakuunga mkono nusu. Natumia Emacs miaka tisa, na kidole kilishapona tangu nilipoigeuza Caps Lock kuwa Ctrl. Lakini barua pepe niliitoa humo. Emacs kwa sehemu kubwa hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Barua zikianza kushuka kwa mtandao wa kusuasua, kila kitu kinaganda, pamoja na ile sentensi uliyokuwa katikati yake. Ukiweka kila kitu kapu moja, kapu likikwama umekwama nalo.

Jambo jingine halisemwi: kila kifurushi unachoongeza kinaendeshwa kwa ruhusa zako zote. Hakuna uzio. Wengi wetu tunanakili mistari ya watu kwenye faili la mipangilio bila kuisoma.

Mleta mada
Mhasibu, la Word nimekubali, hati za namna hiyo nafungulia LibreOffice. Na mwezi wa kwanza kweli niliupoteza, nilikuwa nabadilisha rangi kuliko kutafsiri.

Ila sijarudi nyuma kwenye jambo moja. Daftari langu la Org ni maandishi matupu. Kompyuta ilipoungua mwaka juzi, niliyafungulia kwenye simu, kwa programu ya bure ya kuandikia, na kila tarehe ya kukabidhi kazi nikaisoma. Programu ya ratiba niliyokuwa nikilipia zamani ilipofungwa, iliondoka na miaka miwili ya kumbukumbu zangu. Hiyo nayo iingize kwenye hesabu.

Kobe, nimekusikia, ila barua pepe nitaijaribu wikiendi hii. Ni mistari michache tu ya mipangilio.

Mhasibu mchovu
Wikiendi ya ngapi hiyo?