Minoksidili, sindano za damu au mafuta ya karafuu: lipi linafaa kwa nywele zinazonyonyoka?

Mama wa Wete (swali)

Assalaamu alaikum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 36 na nimejifungua mtoto wangu wa tatu miezi mitano iliyopita. Kwa muda wa miezi miwili sasa, kila nikichana nywele kitana hujaa. Kwenye mapanja nywele zilikwisha zamani, kwani nimekuwa nikisukwa kwa kubanwa tangu nipo skuli. Kinachonitia hofu zaidi ni utosini, ambako pana sehemu ya ukubwa wa kizibo cha soda iliyokuwa laini na yenye kung'aa, na usiku inawasha mithili ya niliyepakwa pilipili.

Duka la dawa limeniuzia minoksidili ya asilimia 5, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, wifi yangu aliyeko Dar es Salaam ananihimiza nikachomwe kichwani sindano za damu yangu mwenyewe, na mama mkwe amenipikia mafuta ya nazi yenye karafuu na habasoda. Bado nanyonyesha. Naomba mwenye ujuzi anilinganishie haya matatu, kwani uwezo wangu ni wa kulipia moja tu.

Mfamasia wa Ng'ambo

Waalaikumu salaam, dada. Kwa maelezo yako naona kama kwamba una mambo matatu juu ya kichwa kimoja, na ndiyo maana dawa moja haitayamaliza.

Nywele zinazojaa kitana zinalingana na zile zinazopukutika baada ya uzazi. Wakati wa mimba nywele nyingi hukaa kichwani kupita muda wake, kisha miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua huachia kwa pamoja. Hali hii hurudi yenyewe, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka, na hakuna haja ya kuinunulia kitu, isipokuwa upimwe wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Iwapo unakunywa vidonge vya bayotini, ile vitamini ya nywele, mwambie mpimaji, kwani vinaweza kuyapotosha majibu ya tezi.

Mapanja ni kazi ya msusi. Yakiwahiwa mapema nywele huota, lakini yakivutwa miaka na miaka kinyweleo hufa, na hapo minoksidili haina wa kumwamsha.

Hiyo minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, ikaonekana wanaoimeza wanaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu ipakwe kichwani. Inafaa hasa kwa upara wa kurithi. Wiki za mwanzo nywele huweza kupukutika zaidi, matokeo hayahukumiwi kabla ya miezi minne, na ukiacha kuipaka kilichoota huondoka. Kwa kuwa unanyonyesha, iweke kabatini kwanza. Na kama kwenu mna paka, kama zilivyo nyumba nyingi za visiwani, usimwache alambe kichwa wala mto wako, kwani hata kiasi kidogo cha dawa hii kinaweza kumuua.

Utosi sitausemea kwa kuandikiana. Huo unahitaji macho ya daktari wa ngozi.

Bibi wa Jambiani

Mwanangu, nimeshtuka kusoma habari ya utosi, maana na mimi nilianza hivyo hivyo. Palikuwa panawasha, pakauma nikiguswa, kisha pakawa laini kama shavu la mtoto. Kliniki moja, ambayo siitaji, iliniuzia chupa za mafuta kwa mwaka mzima, na kila nikilalamika naambiwa nivumilie. Nilipofika kwa daktari wa ngozi alikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwa, ikaonekana ni ugonjwa unaoacha kovu, ambao huanzia katikati ya kichwa na kutanuka kama doa la mafuta juu ya kanga, na huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika.

Nilichomwa sindano za steroidi kichwani, nikapewa krimu ya kupaka na vidonge vya doksisaiklini vya kutuliza uvimbe. Muwasho ulikwisha na doa likasimama pale lilipofika. Nywele zilizokwenda hazikurudi. Mwaka ule wa mafuta ndio ninaoujutia, wala si fedha. Ukifika kwake mwambie mapema kwamba unanyonyesha, ili achague dawa kwa kuzingatia hilo.

Mvuvi wa Mkoani

Nami nichangie kwa upande wa wanaume. Natumia finasteraidi, kidonge cha kuzuia upara, ya miligramu 1 kila siku, na upara wangu umesimama. Hata hivyo, dada, usiiguse, wala mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Wanaume nao wajue kwamba hushusha kipimo cha damu cha tezi dume kwa karibu nusu, hivyo daktari aambiwe.

Je, kupandikizwa nywele, kama wanavyokwenda wengi Istanbul, hakumfai dada yetu?

Mfamasia wa Ng'ambo

Kwa sasa hakumfai. Nywele hutolewa kisogoni na kupandwa mbele, lakini zikipandwa juu ya ngozi ambayo ugonjwa wake haujatulia, nazo hufa. Sindano za damu ndizo ghali katika matatu uliyoyataja, huhitaji kurudiwa, na ushahidi wake mwingi ni wa upara wa kurithi. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa unywele wenyewe, kwani huupunguzia kukatika, lakini hayafiki kwenye ugonjwa ulio ndani ya ngozi. Mafuta safi ya karafuu, yasiyochanganywa, yanaunguza; usiyatie juu ya sehemu inayowasha.

Mama wa Wete

Nashukuruni sana. Mafuta ya mama mkwe nitayapaka ncha za nywele tu, nisimvunje moyo, na chupa ya minoksidili nimeifungia. Nauli ya boti ya kwenda Unguja kumwona daktari wa ngozi nitaitoa katika zile fedha za sindano. Je, nikiwa nasubiri, nisuke vipi?

Bibi wa Jambiani

Suka twende kilioni, mwanangu, iliyolegea, bila rasta wala uzi. Ukiinuka kwa msusi unaumwa kichwa, fumua siku hiyo hiyo.