Tupeane uzoefu: ulimwambiaje daktari kwamba unatumia bangi?

Bi Mkunguni, Toronto
Wakuu, huku Kanada bangi ya tiba imeruhusiwa tangu 2001, na tangu Oktoba 2018 hata asiyeumwa anaingia dukani akanunua. Lakini wazee wetu bado wanaificha kama vile askari kanzu yuko mlangoni.

Juzi nimemsindikiza mama mkubwa kliniki. Kiingereza chake cha kuokoteza, mkalimani ni mimi. Daktari kauliza dawa zote anazotumia. Mama mkubwa kataja za presha, kataja warfarini ya kuzuia damu kuganda, kanyamaza. Nikamkumbusha: "Na yale mafuta ya magoti?" Akanikata jicho. "Mwambie ya kuchua." Ya kuchua wapi! Anadondosha chini ya ulimi, ni CBD, kiambata cha bangi kisicholevya, analetewa na mwanawe. Nikamwambia, mama, nikitafsiri uongo leo, ukitoka damu kesho ndugu zangu wataniuliza mimi. Akaguna, akaniruhusu.

Daktari hata hakuinua nyusi. Kilichomshughulisha ni warfarini: CBD inalizuia ini lisiivunje ile dawa, inabaki nyingi mwilini, na damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Akaagiza kipimo cha INR, cha kuona damu inaganda kwa kasi gani, kifanywe mara kwa mara zaidi, na akamkataza kuyaongeza au kuyaacha yale mafuta ghafla bila kumwarifu.

Lete chako: ulisemaje, ukajibiwaje. Habari za "inatibu kila kitu" zina mahali pake, si hapa.

Chifu wa Kaya
Mmea kaumba Mungu, daktari wa nini?

Bi Mkunguni
Hata mnyaa kauumba Mungu, kaka. Utomvu wake utie jichoni basi.

Baba Idrisa, Leicester
Mwanangu ana kifafa cha Dravet. Watu wanadhani Uingereza unamwomba GP, daktari wa kawaida wa mtaani, anakuandikia tu. Hawezi kukuanzishia. Tangu 1 Novemba 2018 mwenye ruhusa hiyo ni daktari bingwa, na mabingwa wenyewe ni wazito kuandika.

Mimi sikwenda kusema "nataka bangi". Nilikwenda na daftari la degedege: tarehe, saa, imechukua dakika ngapi, dawa zipi zimeshindwa. Bingwa akalisoma lote, halafu yeye mwenyewe ndiye akaitaja Epidyolex. Ni CBD iliyosafishwa, hailewi, NHS, huduma ya afya ya serikali, inaitoa tangu mwanzoni mwa 2020 ikitumika pamoja na klobazamu, dawa nyingine ya kifafa. Kabla ya kuanza walimpima ini kwa sababu alikuwa pia kwenye valproeti, nayo dawa ya kifafa. Baadaye klobazamu ikapunguzwa, maana CBD inaipandisha na mtoto alikuwa analala darasani. Na si ya kudumu bila sababu: degedege zisipopungua walau asilimia 30, inasimamishwa.

Wanaolipia kliniki za binafsi siwalaumu. Ila hakikisheni barua inafika kwa GP, la sivyo anawaandikia dawa akiwa gizani.

Mtoto wa Temeke
Nyie mnaongea mkiwa mmekaa. Sisi huku kutamka tu ni kesi.

Mama yangu alipokuwa kwenye kemo, jirani alileta majani ya kuchemsha kwenye chai. Kichefuchefu kikatulia kidogo, usiku moyo ukaenda mbio na akaanza kuona watu ukutani. Wodi zetu mnazijua, vitanda vimebanana, ukisema bangi kitanda cha tatu wamesikia. Kwa hiyo nilimfuata nesi wa zamu pembeni, nikamwambia kuna jambo la mama nataka kusema kwa daktari, chumbani.

Daktari akasema kuiandika hawezi, kuishauri hawezi, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haimpi nafasi hiyo. Halafu akauliza swali lililonikalisha: mbona kila raundi mnasema anaendelea vizuri, kumbe anatapika hivi? Kweli. Tulikuwa tunajibu "vizuri" kwa adabu, kama tunavyojibu salamu. Juu ya ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, akaongeza olanzapini ya usiku, nayo kwa kichefuchefu. Kutapika kukapungua hadi akaanza kudai ugali. Chai hatukuihitaji tena.

Nilichojifunza, kwangu mimi bangi ilikuwa njia ya kumfikishia daktari shida yenyewe.

Hulaza Watu, Mombasa
Mimi niko upande wa pili, kazi yangu ni kuwatia watu usingizi thieta. Nikiuliza "watumia bangi?" nusu hukana, na mama mtu kasimama pale pale! Wakwe nao wako mlangoni. Siku hizi nawatoa jamaa wote kwanza.

Sababu ya kuuliza si maadili. Mvutaji wa kila siku huhitaji propofoli, dawa ya usingizi, zaidi ndipo alale, na akiamka maumivu humuwia makali kuliko mwenziwe. Aliyevuta asubuhi ya upasuaji, moyo huweza kumwenda mbio ningali sijamgusa. Wataalamu wa ganzi Marekani walitoa mwongozo 2023 kwamba kila mgonjwa aulizwe, na mimi ndivyo nifanyavyo. Polisi siwaiti. Nikiwaita leo, kesho nani ataniambia ukweli?

Mgodini, Geita
Mimi nilikuwa sivuti na mkojo ukasema navuta! Nilikuwa kwenye efavirenzi, dawa ya VVU, wakati ule, kabla hatujahamishiwa dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU. Daktari wa CTC, kliniki yetu ya VVU, akaandika kwamba efavirenzi inaweza kuvidanganya baadhi ya vipimo vya haraka, nikapimwa upya kwa mashine, ikaonekana sina. Shida ni kwamba ili nijitetee kwa bangi ilibidi niseme la VVU.

Mswahili wa Minneapolis
Mnaosubiri uraia Marekani, taratibu. Minnesota ina bangi ya tiba kwa sheria ya 2014, na tangu Agosti 2023 mtu mzima wa miaka 21 na zaidi anaruhusiwa kuwa nayo na kuitumia. Serikali kuu haijui hayo. Aprili 2019 uhamiaji waliandika wazi kwamba kutumia, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kukuangusha kwenye kipengele cha tabia njema. Mimi nilianza kwa wakili, kisha daktari wangu wa mgongo, nikamwambia yote. Na msimchanganye daktari anayekutibu na yule anayejaza fomu ya afya ya uhamiaji. Wa pili hakutibu.

Bi Mkunguni
Swali kwa Hulaza Watu: mama mkubwa anabadilishwa goti mwezi ujao. Niandike nini kwenye fomu?

Hulaza Watu
Andika CBD, matone mangapi, mara ngapi kwa siku, na mara ya mwisho ni lini. Chupa ije yenyewe, isiwe picha yake: milligramu za CBD na THC, kile kinacholevya, ziko kwenye lebo, na mafuta mengine yana THC ambayo mwenyewe haijui. Warfarini ataambiwa na madaktari wake aisimamishe lini. Mafuta nayo awaulize hilo hilo, mapema, asingoje asubuhi ya upasuaji.