Mrejesho: Punda dume anayeng'ang'ania hatamu, Urambo

Wakuu, niliuliza kama nimvalishe lijamu ya mchanganyiko, ile inayobana kinywa, pua na kidevu kwa pamoja, punda wangu dume wa mkokoteni ambaye akishika njia hashikiki. Wengi mlisema kinywa kikaguliwe kwanza, chuma baadaye. Asanteni.

Daktari wa mifugo alimpanua kinywa. Magego ya juu yalikuwa na ncha kali upande wa shavu, na hapo ndani kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi. Akazisaga kwa tupa. Kwa hali hiyo chuma nimekiweka kando, natumia mkanda wa pua.

Huo mkanda ndio wenye kazi. Ukae kama vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Ukishuka hadi sehemu laini karibu na matundu ya pua, unambana pumzi. Na vidole viwili vipite kati yake na pua. Kamba ya manila ilimchuna manyoya, nikaizungushia kipande cha blanketi, mshono ukatazama nje.

Yule aliyependekeza mnyororo, samahani kaka, hapana.

Halafu kwenye mteremko mkokoteni ulikuwa unamsukuma kwa nyuma, ndiyo maana alikuwa anatimua mbio. Nimeongeza mkanda unaopita nyuma ya mapaja, umefungwa kwenye mikono ya mkokoteni, ili azuie mzigo kwa makalio. Sasa nikivuta hatamu kidogo tu anasimama. Akiona jike, bado ni vita.